Aliyedarizi Sapatu za Zambarau

Bwana Jalil, mkurugenzi wa jumba letu la makumbusho, alinionyesha makabati mawili yaliyojaa sapatu za wanawake waliokwisha kufa, akaniambia kazi yangu ni kutafuta nani alizitengeneza.

"Kila jozi na jina lake, Umaima. Watu wa Fez hawaji makumbusho kutazama viatu. Wanakuja kutafuta majina ya babu zao ukutani, na wakiyakosa wanakasirika."

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miaka miwili nyuma, nikarudi nyumbani na shahada ya historia ya sanaa na sauti ambayo mama yangu husema haivuki meza. Kazi ya kukaa peke yangu na viatu ilinifaa. Viatu havikuulizi utaolewa lini.

Sapatu zile zilikuwa za mkusanyaji mmoja aliyefariki bila mtoto, akatuachia sisi. Zote zilikuwa za sherehe, zile ambazo bibi zetu walizivaa juu ya mazulia siku za harusi na siku za kumpa mtoto jina: soli nyembamba ya ngozi, ncha iliyochongoka kidogo, na uso wa mahameli uliodariziwa kwa uzi wa zari hadi kitambaa chenyewe kikawa kama kinachungulia tu. Nyingi zilikuwa za miaka ya thelathini na arobaini, Wafaransa walipokuwa bado wametukalia.

Kumjua fundi wa ngozi hakukuwa kazi ngumu. Mafundi walipiga mhuri wao chini ya soli, na wazee wa soko la viatu waliikumbuka mihuri ile kama wanavyokumbuka sura za watu. Baada ya majuma machache nilikuwa nimejaza nusu ya kadi: kazi ya fundi fulani, wa uchochoro fulani. Bwana Jalil alizisoma akaridhika.

Mimi sikuridhika. Soli ni kazi ya asubuhi moja. Mahameli ile ilikuwa kazi ya majuma, na hakuna mwanamke aliyenunua sapatu za namna ile kwa sababu ya soli. Lakini mahameli haikuwa na mhuri. Ilidariziwa majumbani, mikononi mwa wanawake, ikiwa bado kipande cha kitambaa, kisha ikarudishwa sokoni ikashonewa soli ya mwanamume na jina la mwanamume.

Kulikuwa na jozi moja ya zambarau ambayo kila siku niliirudia. Juu ya kila sapatu palikuwa na matawi mawili ya maua yaliyotazamana, moja upande wa kulia, jingine upande wa kushoto. Uzi wa zari haupiti ndani ya kitambaa. Hulazwa juu yake na kushikizwa kwa uzi mwembamba, mshono kwa mshono, na mkono wa kulia ukifika upande wa kushoto hujikunja na kujizuia. Kwa hiyo katika sapatu zote tawi la kushoto huwa limelegea kidogo, kidogo sana, kama mtu aliyechoka kabla ya mwenzake. Nilijaribu mwenyewe nyumbani juu ya kipande cha pazia nikaona ni kweli. Katika zile za zambarau tawi lililolegea lilikuwa la kulia.

Nilirudi kwenye makabati nikapekua upya. Nikapata jozi nyingine za namna hiyo, nyekundu, nyeusi, moja ya rangi ya asali. Soli zake zote zilikuwa na mhuri mmoja, wa Fundi Bushta, na Fundi Bushta alikuwa bado hai.

Nilimkuta dukani kwake, mzee mkavu aliyekaa katikati ya ngozi za njano, akikata soli kwa kisu kilichoinama. Niliiweka sapatu ya zambarau mbele yake.

"Hiyo ni yangu," alisema kabla sijauliza.

"Soli ni yako, Ami Bushta."

"Na sapatu bila soli ni nini? Ni kofia ya paka."

"Nataka kumjua aliyedarizi."

"Wanawake. Walikuwa wanadarizi wanawake." Alirudi kwenye kisu chake. "Mahameli inakwenda, mahameli inarudi. Sisi hatukuuliza. Unamuuliza kuku jina lake kabla ya kula yai?"

"Huyu alikuwa mashoto."

Kisu kilisimama. Alinitazama, kisha akatazama mlangoni, ambako hapakuwa na mtu ila punda aliyebeba mitungi ya gesi.

"Nani kakwambia?"

"Uzi."

"Huko chuoni kwenu ndiko wanakofundisha uzi kusema?" Lakini aliichukua ile sapatu, akapitisha kidole gumba juu ya maua, na sauti yake ikashuka. "Sikumwona hata siku moja. Hakuna aliyemwona. Mjomba wangu alikuwa na tanuri la mtaa, kule karibu na chemchemi. Kila nyumba ilileta ubao wake wa mikate asubuhi kuoka, hilo unalijua. Kulikuwa na nyumba moja ya masharifu, mlango mkubwa, njaa kubwa kuliko mlango. Ubao wao ulikuja umefunikwa kitambaa kama mbao za watu wote. Chini ya kitambaa, mikate. Chini ya mikate, imefungwa vizuri, mahameli iliyokwisha dariziwa. Mjomba anaitoa, anaweka mahameli mpya na uzi wa zari uliopimwa, na unga, na mafuta kidogo. Ubao unarudi nyumbani unanuka mkate. Nani atashuku mkate?"

"Kwa nini wajifiche hivyo?"

"Wewe ni mtu wa Fez au umeshuka na treni?" Alicheka bila kufungua mdomo. "Mke wa sharifu afanyie soko kazi? Mumewe alikuwa akipita barabarani watu wanambusu bega. Ukisema mkewe anashonea watu viatu, nani atambusu tena?"

"Yeye mumewe hakujua?"

"Yeye zaidi ya wote hakujua. Au alijua akajinyamazia. Mtu akishiba hachunguzi ubao."

Nilimwomba jina. Alikata soli nyingine yote, kisha akasema alikuwa amemwapia mjomba wake kwamba jina lile halitatoka kinywani mwake maadamu mwenyewe yu hai. Lakini mwaka juzi aliona jeneza la mwanamke likitoka katika nyumba ile, naye alikwenda kusali. Basi kiapo kimekwisha.

"Lalla Menana," alisema, akimwita Lalla, bibi, kama wanavyoitwa wanawake wa heshima. "Mke wa Mulai Tuhami, yule sharifu. Mungu amrehemu. Sijaona uzi ukilala vile tena, na nimeona nyuzi."

Nilikwenda kwenye nyumba ile na koni la sukari kwapani, kama mtu anayekwenda kutoa pole iliyochelewa, nikitumaini kumpata mjukuu au mkwe atakayenisimulia. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mnene mwenye uso mwema, Bi Nafisa, mke wa mtoto mkubwa wa nyumba. Nilimweleza natoka makumbusho, natafuta habari za mavazi ya wanawake wa zamani, na hasa za marehemu Lalla Menana.

"Marehemu nani?" Bi Nafisa aliuliza.

"Mwambie aingie," sauti ilisema kutoka sebuleni. "Anione kabla sijaoza."

Jeneza lilikuwa la wifi yake. Lalla Menana mwenyewe alikuwa ameketi juu ya godoro la sebule, mdogo, mweupe, kichwa kimefungwa kitambaa cha hariri, macho yake yote mawili yamefunikwa na ukungu. Nilibusu mkono wake nikaomba radhi mpaka akaniambia nimeomba vya kutosha hata kwa mtu aliyekufa kweli.

Bi Nafisa alimimina chai na kuanza kunisaidia. Aliniambia habari za shamba la mizeituni la baba yake Lalla Menana, lililoilisha nyumba hii miaka ya shida, miti mamia kwa mamia, na jinsi mafuta yalivyokuja kwa nyumbu kila msimu.

"Nafisa," Lalla alisema, "kaniangalizie chungu."

"Chungu hakiko motoni, Mama."

"Basi kakiweke."

Alipotoka, niliitoa sapatu ya zambarau kwenye mfuko nikaiweka mapajani mwa bibi yule. Mkono wake wa kulia uliigusa kwanza, kwa adabu, kama unavyogusa kitu cha mgeni. Kisha ule wa kushoto ukatoka chini ya shali. Huo haukugusa kwa adabu. Ulikwenda moja kwa moja kwenye tawi la kulia, ukasimama pale palipolegea.

"Hapa nilikuwa natapika," alisema. "Mimba ya Sadiki. Nilishona majani mawili, natapika, nashona mawili. Nani kakuleta?"

"Ami Bushta."

"Bado anaishi yule? Na alivyokuwa akikohoa nje ya mlango wetu."

"Naye alidhani wewe ndiye uliyekufa."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shali. Halafu hakucheka tena. Aliishika ile sapatu kwa mikono miwili.

"Umesikia habari za mizeituni?"

"Nimesikia, Lalla."

"Hakuna mizeituni. Baba yangu aliuza mti wa mwisho mimi sijavunja ungo. Mume wangu alikuwa mtu mwema, anajua vitabu, hajui hata bei ya kitunguu. Nililea watoto wanne kwa sindano. Watoto walipokuwa wakubwa wakauliza tulikula nini zamani, baba yao akasema mizeituni ya babu yenu, na mimi nikanyamaza, maana alikuwa ananitazama. Sasa mwanangu anaisimulia kwa wageni. Mkwe wangu anaisimulia. Kila mwaka miti inaongezeka. Nimekaa kwenye sebule yangu mwenyewe nikisikiliza jinsi miti ilivyowalea watoto wangu."

Nilimwambia kwamba kila jozi itakuwa na kadi yake, na kwamba siku ya ufunguzi watu watasoma.

"Watasoma kwa sauti?"

"Wakitaka."

"Nataka nisikie," alisema. "Mara moja tu, mbele za watu, nikiwa hai. Kwamba niliwalisha mimi. Baada ya hapo waniambie chochote."

Kadi niliiandika usiku huohuo, na kesho yake nikarudi kumsomea: *Zimedariziwa na Lalla Menana, nyumbani kwake, Fez, kwa mkono wa kushoto. Soli ni ya Fundi Bushta.* Nilimuuliza kama niondoe habari ya mkono.

"Iache," alisema. "Shangazi yangu aliuchapa mkono huu kwa mwiko mpaka nikajifunza kula kwa ule mwingine. Iache, asome huko aliko."

Nilijua mwanawe, mume wa Bi Nafisa, ni nani. Mulai Sadiki alikuwa wakili, na tena mwenyekiti wa kamati ya jumba letu. Ndiye aliyetutafutia paa jipya. Nilidhani hilo lingesaidia. Nilidhani mtu yeyote angefurahi kujua kwamba mikono iliyomlea ndiyo iliyofanya kitu kizuri kuliko vyote katika makabati yale. Niliiweka kadi mezani kwa Bwana Jalil na kusimama nikingoja asifu.

Aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani.

"Umaima, unanitakia nini?"

"Ni kweli, Bwana."

"Sijakuuliza kama ni kweli."

Mulai Sadiki alikuja siku iliyofuata. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mtu mkali, nikashindwa kabisa mbele ya mtu mpole. Aliniita binti yangu, akaniomba niketi, akakataa kuketi yeye kabla yangu. Alikuwa na ile kadi mkononi.

"Unadhani sikujua?" aliniuliza.

Niliitazama kadi mkononi mwake.

"Nilikuwa nalala miguuni pake. Uzi wa zari ukipigwa na taa unameta. Mpaka leo sipendi vitu vinavyometa. Mke wangu hunilalamikia. Niliujua ubao wa mikate kabla sijaijua Fatiha." Aliiweka kadi mezani, akainyoosha kwa kidole ingawa haikuwa imekunjika. "Baba yangu hakuwa na kitu duniani ila heshima. Hakujua biashara, hakujua kilimo, hata punda hakujua kumfunga. Walimbusu bega mpaka siku ya mwisho. Kadi hii ikiwekwa pale, kesho soko zima litasema alilishwa kwa mkono wa mkewe. Naye yuko kaburini, hana ulimi wa kujitetea."

"Lalla anao," nilisema. Kwa sauti yangu ile. Sijui kama alinisikia.

"Ameniambia anataka jina lake liwepo," alisema. "Ameniambia usiku, nikimshikia glasi ya maziwa. Mimi si mtu wa kumficha mama yangu. Jina lake litakuwepo. Nakuahidi hapa, mbele ya Bwana Jalil."

Bwana Jalil aliitikia kwamba amesikia, litakuwepo, na kadi zote zitapigwa chapa upya kwa maandishi mazuri, mimi nisihangaike tena.

Nilikimbia. Mimi, ambaye hutembea kando ya ukuta, nilikimbia uchochoro mzima hadi kwenye ule mlango mkubwa, nikamwambia Lalla Menana kwamba mwanawe amekubali.

"Sadiki? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Nimemsikia."

Kisha akamwita Bi Nafisa, akamwambia atafute mwanamke wa hina. "Mikono yote miwili," alisema. Bi Nafisa alicheka, akauliza kama anaolewa. "Afadhali kuolewa," Lalla alijibu. "Huko hawasomi kitu."

Ufunguzi ulikuwa baada ya sala ya alasiri. Walikuja watu wa manispaa, wake zao, walimu wangu wawili, wazee wa soko la viatu waliovaa kanzu zao za Ijumaa. Trei za vileja vya lozi zilikuwa zinazunguka uani, chini ya lile paa jipya. Kadi zilikuwa zimewekwa asubuhi nami nikiwa nimetumwa mjini kufuata maua. Nilipoingia chumba cha sapatu watu walikuwa wameshajaa, na jozi ya zambarau ilikuwa peke yake katikati, ndani ya kioo, ikipigwa na mwanga.

*Sapatu za harusi za Sharifa Lalla Menana, mke wa marehemu Mulai Tuhami. Zawadi ya baba yake kutoka mapato ya mashamba yake ya mizeituni. Kazi ya Fundi Bushta.*

Nilisoma mara mbili. Kisha nikamtafuta Bwana Jalil, nikamkuta karibu na mlango akiwa na kileja mdomoni.

"Hiki sicho nilichoandika."

"Jina lipo au halipo?"

"Hizi hazikuwa zake. Hakuwahi kuzivaa. Ziliuzwa."

"Umaima, ulitaka jina, umepata jina, tena herufi kubwa. Ulitaka mama apewe heshima, kapewa heshima. Unataka nini zaidi, kumvua?" Alijipangusa unga wa sukari. "Tabasamu. Mke wa meya anakutazama."

Nilimtafuta Fundi Bushta. Alikuwa amesimama kwenye kona pamoja na mafundi wenzake, na alikuwa ameshasikia jina la Lalla Menana likitajwa alipoingia kwa mkono wa Bi Nafisa, kwa maana uso wake ulikuwa umekauka kuliko ngozi zake.

"Ami Bushta, umeiona kadi?"

"Sijui kusoma vizuri."

"Nitakusomea."

"Usinisomee," alisema. "Yu hai. Kiapo kimerudi."

"Basi sema tu kwamba si wewe uliyedarizi. Hilo halina jina la mtu."

Alitazama viatu vyake mwenyewe. "Mimi ni mtu wa soli, binti. Niache na soli zangu."

Lalla Menana alikuwa ameketishwa kwenye kiti mbele ya kioo. Alikuwa amevaa kaftani ya rangi ya maziwa, na hina ya mikono yake ilikuwa imekolea hadi kwenye vifundo. Mwanawe alisimama nyuma yake akipokea salamu. Watu walikuwa wakiinama, wakimbusu bibi bega, wakimpongeza, naye kila pongezi aliigeuzia sikio kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitalini.

"Umaima yuko wapi?" aliuliza. "Anisomee."

"Nitakusomea mimi, Mama," Bi Nafisa alisema haraka.

"Wewe unasoma unavyopenda. Umaima."

Watu walinipisha. Nilisogea mbele ya kioo, na kwa mara ya kwanza chumba kile kikawa kimya kwa ajili ya sauti yangu. Mulai Sadiki alinitazama. Hakukuwa na tisho katika macho yake. Lingekuwepo ningejua la kufanya. Alikuwa ananiomba.

Ningeweza kumsomea kadi yangu. Haioni hii, niliwaza, nimsomee ile, asikie anachotaka, watu wadhani nimechanganyikiwa. Lakini alikuwa ameniita mimi na kumwacha mkwewe kwa sababu hiyohiyo. Nikasoma kilichoandikwa, neno kwa neno, mpaka mwisho.

Mikono ya Lalla ilikuwa imelala mapajani, viganja juu.

"Lakini sivyo," nilisema, na sauti ikanitetemeka kama ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. "Mimi sikuandika hivyo. Sapatu hizi zilidariziwa na Lalla Menana mwenyewe. Kwa mkono wake."

Nilisikia mtu akiweka glasi chini. Kisha mke wa meya, mwanamke mwema wa pete nyingi, akapiga mikono pamoja.

"Mashallah. Alijidarizia mwenyewe sapatu za harusi yake," alisema. "Mnasikia, wasichana? Mabinti wa nyumba kubwa zamani walijua kila kitu. Si nyinyi, hata kifungo mnapeleka kwa fundi."

Watu wakacheka, kicheko cha raha, na chumba kikapumua. Mtu mmoja akasema ndiyo, hata bibi yake alikuwa hivyo, mikono ya dhahabu, kwa kujifurahisha tu. Mwingine akasema hiyo iongezwe kwenye kadi. Bwana Jalil akasema itaongezwa. Nilifungua mdomo kusema kwamba aliuza, kwamba alikuwa anafanyia soko kazi, kwamba ubao wa mikate... Lakini sauti yangu ilikuwa imekwisha, na palipokuwa na kimya changu pamekwisha jazwa na sauti zao.

Mulai Sadiki alikuwa ameinama kando ya kiti cha mama yake. Aliuchukua mkono wake, wa kushoto, akaubusu, akabaki ameushika. Alikuwa mtu wa karibu miaka sitini, mwenye mvi, mwenye kuheshimiwa, na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Mimi niliuona, na yeye mama asiyeona aliuhisi, maana aligeuza uso kumwelekea, akaushika wa mwanawe kwa nguvu, kama anavyoshikwa mtoto kwenye ukingo wa maji.

"Lalla, hebu tusimulie," mke wa meya alisema, akijivutia kiti. "Hiyo siku ya harusi. Ulipozivaa hizi, ilikuwaje?"

Lalla Menana aliendelea kuushika mkono wa mwanawe, hata mke wa meya akaanza kurudia swali lake kwa sauti ya juu, akidhani hakusikia.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema. "Zilinibana kidogo."